Je, Mtu wa Shimi Anyamaze mpaka Aone na Macho?



Siku ya tano jioni, kisha sala, sisi wa madarasa ya tano na ya sita tulifanya mabishano katika chumba cha kulia. Swali lilitoka kwa mwalimu wetu wa shimi. Aliuliza hivi: Mario Molina, yule mtu wa Meksiko, alifanya vema kusema mwaka 1974 kama gazi za frigo zitaharibu ozoni ya juu, wakati hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameona inapunguka? Tulibishana karibu saa mbili, mpaka taa ikaanza kufifia. Mwishoni tukainua mikono. Wale waliosema alifanya vema tulikuwa kumi na mmoja. Wale waliosema alipaswa kunyamaza kwanza walikuwa wengi, hata mwalimu hakujisumbua kuwahesabu.

Basi tulishindwa. Lakini sisi tunaoandika kurasa hizi tuko kati ya wale kumi na mmoja, na karatasi ya stensili iko mikononi mwetu. Mutuachie tuendelee na mabishano pahali hapa.

Kwanza tuseme vizuri maneno ya wale walioshinda, maana haifai kumpiga mtu wakati hayuko. Ndugu mmoja wa darasa la sita alisimama, akasema: "Hapana kusema kitu haujaona. Ile siyo elimu, ile ni unabii." Wakamupigia mikono sana. Kisha dada mmoja wa darasa la tano akaongeza: "Na wale wafanyakazi wa viwanda, kama yeye amekosea, watoto wao watakula nini?" Neno la dada huyu ni zito, tutarudi kwake. Lakini neno la ndugu wa unabii, hapo hatukubali. Molina hakuota ndoto. Alikuwa ameona kitu. Ila kitu alichoona hakikuwa ozoni inayopunguka. Aliona namna molekuli inavyokula nuru, na ile ilimtosha kufanya hesabu.

Kabla ya hiyo tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1943 katika mji wa Mexico. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, na baadaye alitumwa kuwa balozi, hata huku Afrika, katika Etiopia. Wakati alikuwa mtoto alitazama vidudu vya maji katika mikroskopi ya kuchezea, akashikwa. Nyumbani kulikuwa chumba cha kuogea kisichotumika sana, akakiomba, akakigeuza labo. Shangazi yake Esther, aliyekuwa mtu wa shimi, alimsaidia kufanya majaribio yaliyopita kimo cha mtoto. Wakati alikuwa na miaka 11 wazazi walimtuma katika shule ya enterna huko Uswisi, sababu jamaa ile ilifikiri mtu wa shimi anapaswa kujua Kijerumani. Alifika na furaha, akifikiri watoto wa Ulaya wote wanapenda sayansi. Kumbe hapana. Alisema baadaye kama aliwakuta sawasawa na rafiki zake wa Meksiko, hawakujali kuliko wale. Tunaandika jambo hili juu ya wale katika enterna yetu wanaofikiri kama akili ya sayansi inazaliwa pamoja na rangi ya ngozi ao pamoja na baridi ya nchi.

Tena hakuwa mtu wa kufaulu kila pahali bila taabu. Alimaliza ingenieri ya shimi katika chuo kikubwa cha Mexico mwaka 1965, akaenda Freiburg katika Ujerumani. Huko akaona kama hesabu na fizika yake vilikuwa vichache kwa kazi aliyotaka. Akakaa tena miezi katika mji wa Paris, akijifunza hesabu yeye peke yake. Akarudi kwao kufundisha, na mwaka 1968 akaingia Berkeley, Marekani, kwa mwalimu George Pimentel. Pale walikuwa wanatumia laser za shimi kusudi kuchungua namna nguvu inavyotembea ndani ya molekuli. Alipata udaktari mwaka 1972. Lakini jambo moja lilimchoma. Alisikia kama pahali pengine laser za namna ile zenye nguvu nyingi zilikuwa zinatengenezwa kuwa silaha. Akasema moyoni anataka kazi itakayofaa watu. Tunaomba ndugu wa mabishano akumbuke hilo: mtu huyu alianza kuuliza juu ya faida na hatari ya elimu mbele ya kujua chochote juu ya ozoni.

Mwaka 1973 akafika Irvine, katika California, kwa mwalimu Sherwood Rowland. Rowland akamwonyesha orodha ya kazi, akamwambia achague. Kazi moja ilikuwa swali ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angeweza kuliuliza: zile gazi tunazotia katika frigo na katika kopo za kupulizia manukato na dawa ya mbu, zikitoka, zinaenda wapi?

Jina lao refu ni klorofluorokaboni, kwa ufupi CFC. Watengenezaji wa frigo wanasema freon. Mwingereza James Lovelock alikuwa amezipima katika safari ya meli kutoka Uingereza mpaka bahari ya kusini, miaka 1971 na 1972, na kila pahali alizikuta. Zilikuwa kidogo mno, sehemu 60 hivi katika milioni za milioni za hewa. Lakini ukihesabu hewa yote ya dunia, zilikuwa karibu zote zilizokwisha kutengenezwa tangu mwanzo. Maana yake, hakuna kitu kilichokuwa kinaziondoa. Mvua haiziyeyushi, udongo hauzimezi, hazishikamani na kitu. Na viwanda vilikuwa vinatoa karibu tani 800,000 kila mwaka.

Sasa habari ya nuru, maana hapa ndipo mabishano yanakatwa.

Katika labo yetu kuna permanganati ya potasi. Maji yake ni ya zambarau. Juu ya nini? Sababu molekuli zake zinakula rangi ya kijani iliyo ndani ya nuru nyeupe, nyekundu na bluu zinabaki zinapita. Basi kila molekuli ina rangi zake inazokula na nyingine inazoacha, sawa vile kila mtu ana alama ya kidole chake. Unapitisha nuru katika gazi, unapima upande wa pili nini imepunguka, unajua ni gazi gani na unajua nuru ipi inaweza kulivunja. Kazi hii inaitwa spektroskopi. Na rangi nyingine macho yetu hayazioni kabisa. Zinapita zambarau, na tunaziita ultravioleti.

CFC haina rangi: nuru tunayoiona inapita ndani yake bila kuguswa. Hata ile ultravioleti inayofika chini kwetu haiigusi. Molina akakuta kama CFC zinakula tu ultravioleti kali sana, yenye wimbi la nanometa 220 hivi na chini yake. (Nanometa ni milimita moja ukiigawa mara milioni moja.) Nuru ile haifiki huku chini, sababu ozoni na oksijeni za juu zinaizuia. Lakini kuna kama dirisha kati ya mlo wa oksijeni na mlo wa ozoni, karibu na nanometa 200, ambamo nuru inapita kidogo. Basi molekuli ya CFC inapanda polepole, miaka na miaka, inapita pahali ndege zinaruka, inafika kilometa 25 na zaidi, na kule nuru ya dirisha lile inaipiga. Inavunjika, na atomu ya klori inatoka.

Angalieni kazi ya klori hiyo:

Cl + O3 inatoa ClO + O2
ClO + O inatoa Cl + O2

Muone mstari wa pili. Klori imerudi yenyewe, mzima, haina kovu! Inaanza tena na ozoni nyingine. Atomu moja inaweza kuharibu ozoni kama 100,000 mbele ya kushikwa na kitu kingine. Tena ozoni ile ndiyo mwavuli unaotukinga na ultravioleti inayounguza ngozi, inayoharibu macho na mimea. Molina alifika pahali hapo kisha miezi mitatu tu ya kazi. Alifikiri kwanza kama amekosea hesabu.

Sasa tunauliza ndugu wa unabii: katika maneno haya, ni kipi ambacho hakikuonwa? Mlo wa nuru wa CFC ulipimwa. Gazi katika hewa zilipimwa na Lovelock. Mbio ya klori na ozoni ilipimwa katika labo. Kitu kilichobaki ni kujumlisha. Nabii anapokea neno, na wewe unaamini ao unakataa. Mtu wa elimu hasemi "niamini". Anasema "pima na wewe". Hiyo ni tofauti kubwa, na hata katika Biblia Mikaya mwana wa Imla hakuwa na chombo cha kupima cha kuwaonyesha wale manabii mia nne!

Tena wale wawili hawakukimbilia kupiga kelele. Mbele ya kuandika walienda Berkeley kwa mzee Harold Johnston, aliyejua ozoni kuliko watu wengi, wakamuonyesha. Akawaambia kama watu wengine wawili, Richard Stolarski na Ralph Cicerone, walikuwa wamekwisha kuona ile mbio ya klori, lakini hawakujua bado klori nyingi ingetoka wapi. Mambo yakapatana kama ufunguo na kitasa. Andiko lao likatoka katika gazeti *Nature* tarehe 28 Juni 1974. Kisha wakafanya kitu ambacho watu wa elimu wengi waliona ni aibu: walisema mbele ya waandishi wa habari na mbele ya wakubwa wa serikali, walisema waziwazi kama CFC zikatazwe katika kopo za kupulizia.

Hapa tunarudi kwa dada yetu wa darasa la tano. Hatutaki kumjibu kwa mzaha, maana yeye peke yake katika chumba kile alifikiri juu ya watu. CFC hazikutengenezwa na watu wabaya. Mbele yao frigo zilikuwa na amoniaki, ao dioksidi ya sulfuri, ao kloridi ya metili, na kitasa kikivuja usiku jamaa nzima ilikuwa katika hatari ya kufa. Thomas Midgley na wenzake walipopata CFC, alizionyesha mwaka 1930 mbele ya watu wa shimi: alivuta gazi ile katika mapafu yake, akaipuliza juu ya mshumaa, mshumaa ukazimika na yeye akabaki mzima. Kwa wakati ule ilikuwa baraka. Na hata huku kwetu, dawa za chanjo zilihifadhiwa katika frigo za namna ile. Kwa hiyo mtu anayesimama kusema "acheni" anapaswa kujua anagusa chakula na dawa za wengine. Molina alijua. Ndiyo maana walianza na kopo za kupulizia manukato, hawakuanza na frigo. Mtu anaweza kuishi bila manukato ya kupulizia.

Viwanda navyo vilipinga kwa nguvu, na kiwanda kikubwa cha Du Pont kilitangaza katika magazeti mwaka 1975 kama ushahidi wa kweli ukipatikana kitaacha kutengeneza. Kusema kweli, kuomba ushahidi haiko dhambi. Shida ni hii: nani ataamua kama ushahidi umetosha, yule anayepata feza ao yule asiyepata?

Lakini jambo linalotufanya tumpende Molina ni lingine, na siku ile ya tano hatukuwa na nafasi ya kulisema. Ni habari ya mwaka 1976.

Wakati huo Molina alikuwa amekwisha kuwa mwalimu hapo Irvine, na kazi yake ya labo ilikuwa kutengeneza na kupima nuru ya molekuli zile ambazo hazikai. Zinavunjika upesi, zinachoma, zinalipuka, ni shida kuzishika. Asidi ya hipoklori ni moja. Nyingine ni nitrati ya klori, ClONO2. Rowland na Molina, pamoja na mwenzao mmoja, wakaona kama kule juu ClO inaweza kushikamana na NO2 na kuwa nitrati hiyo, na hiyo haivunjiki upesi kama watu walivyofikiri. Maana yake klori inalala ndani, haiharibu ozoni wakati imelala. Na maana ya maana yake: hesabu yao wenyewe ya mwaka 1974 ilikuwa inapunguka!

Fikirini hali ile. Baraza kubwa la wenye elimu la Marekani lilikuwa karibu kutoa hukumu juu ya jambo lao. Viwanda vilikuwa vinangoja kosa lolote. Kama wangenyamaza miezi michache tu, nani angejua? Hawakunyamaza. Walitoa jambo lililo kinyume chao, wao wenyewe, kwa jina lao. Baraza likakawia miezi, hesabu zikafanywa tena, na habari ikatoka Septemba 1976: hatari imekuwa ndogo kuliko ilivyofikiriwa, lakini hatari ni ya kweli. Mwaka 1978 Marekani ikakataza CFC katika kopo nyingi za kupulizia.

Kwa sisi, hili ndilo jibu kwa swali la mwalimu. Mtu ana ruhusa ya kusema mbele ya kuona kila kitu, lakini kama yuko tayari kusema tena kwa sauti ileile siku atakapopata kitu kinachompinga. Mwenye kusema mara ya kwanza tu ni mchuuzi.

Kisha 1978 watu wakapoa. Frigo ziliendelea, viwanda viliendelea, nchi nyingine ziliendelea hata na kopo. Molina mwaka 1982 akaacha kazi ya kufundisha, akaingia katika labo ya Jet Propulsion Laboratory, sababu hapo Irvine alikuwa hapati tena wakati wa kugusa vyombo. Profesa kuacha cheo cha kufundisha kusudi ashike chupa kwa mikono yake mwenyewe! Kwetu watu wangesema ameshushwa.

Mei 1985 habari ikatoka. Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walikuwa na kituo Halley Bay, katika barafu ya kusini kabisa. Tangu miaka ya 1950 kituo kile kilikuwa na chombo cha Dobson, na chombo hicho ni nini? Ni nuru tena: kinalinganisha rangi mbili za ultravioleti za jua, moja ambayo ozoni inaila sana na moja inayoila kidogo, na tofauti inaonyesha ozoni ngapi ziko juu ya kichwa. Miezi ya Oktoba walikuwa wakisoma 300 hivi. Mwaka 1984 wakasoma chini ya 200. Satelaiti ya Wamarekani nayo ilikuwa imeona hesabu ndogo vile, lakini mashine ilikuwa imeziwekea alama ya mashaka.

Muone vizuri: hata siku jicho lilipoona, mashine ilisema labda jicho limekosea. Basi ndugu yetu, huko kuona kwa macho unakokungoja, kutakuja na cheti gani?

Tena lile tundu lilikuwa kubwa kuliko hesabu ya Molina na Rowland, na lilikuwa pahali hawakufikiri. Kwa hiyo walikuwa wamekosea? Ndiyo, upande mmoja. Susan Solomon na wenzake wakasema mwaka 1986 labda ni mawingu ya barafu ya juu sana katika baridi ya kusini. Molina akarudi labo. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaonyesha kama juu ya barafu, nitrati ya klori inakutana na asidi ya kloridriki na kutoa Cl2, ambayo jua la kwanza kisha majira ya giza linaipasua upesi. Ile nitrati! Ile iliyokuwa imelalisha klori na kumpinga mwaka 1976, kumbe katika baridi ndiyo inaamsha. Na kwa sababu kule atomu za oksijeni peke yake ni chache, yeye na mke wake Luisa walitafuta mbio nyingine, wakakuta ClO mbili zinashikamana kuwa molekuli moja, ClOOCl, nuru inaivunja, na klori inarudi. Kama angeficha nitrati yake mwaka 1976, sijui, hatujui, labda mwaka 1987 watu wangetafuta bado.

Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Montreal, na mwaka 1988 Du Pont wakasema wataacha CFC. Leo mataifa yote ya dunia yamekubali mapatano yale. Mwaka 1995 Molina, Rowland na Paul Crutzen walipata Nobel ya shimi. Sehemu kubwa ya feza yake aliitoa kusaidia vijana wa elimu kutoka nchi maskini. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliandika kama mapatano hayohayo yatumike kupunguza gazi zilizochukua pahali pa CFC, maana hazina klori, haziguse ozoni, lakini zinapasha dunia moto. Miaka saba kisha, Oktoba 2016, mataifa yalikubali jambo hilo, na walikubali katika Kigali, hapa kwa majirani. Molina akafa tarehe 7 Oktoba 2020 katika mji aliozaliwa. Tundu la kusini linafunguka bado kila mwaka, sababu CFC za zamani ziko bado juu. Wenye kupima wanasema litapona karibu mwaka 2066. Wengi kati yetu tutakuwa wazee.

Sasa tunaomba ruhusa ya kusema jambo la hapa nyumbani, na tunalisema juu yetu wenyewe.

Mwaka uliopita, kisha mvua za kwanza, wawili kati yetu tunaoandika waliona maji ya tangi ya enterna yanageuka rangi kidogo. Harufu pia, lakini kidogo. Tulisemezana: labda ni majani. Tukasema, tusiende kwa mkubwa wa enterna na kitu hatujakiona vizuri, atatucheka, ao atasema tunakataa zamu ya kuchota. Tungoje. Tulingoja siku tisa. Siku ya kumi wadogo wa darasa la kwanza walianza kuhara, saba wakalala dispansere, mmoja mama yake akaja kwa miguu usiku. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Katika tangi walitoa panya wawili. Sasa tuliona na macho.

Na permanganati ilikuwa katika labo siku zote tisa. Matone machache ndani ya bilauri yangetosha: maji safi yanashika rangi ya zambarau, maji yenye uchafu wa kuoza yanaipoteza. Sisi wa shimi tulijua jambo hilo, lilikuwa hata katika kazi ya mtihani, na mmoja wetu alipata pointi zote.

Ndiyo maana siku ya tano tuliinua mikono upande wa wachache, na hatukuweza kusema sababu mbele ya watu wote.

Tangu mwezi uliopita mwalimu wa shimi ametupa kichupa cha permanganati na daftari. Kila siku ya kwanza na ya ine, wawili wa darasa la tano wanapima maji ya tangi asubuhi mbele ya sala, wanaandika rangi na saa. Daftari inakaa kwa mkubwa wa enterna, kila mtu anaweza kuisoma. Juma lililopita waliandika rangi imefifia, wakapiga mlango wake saa kumi na mbili. Walipofungua tangi hawakukuta kitu, ni majani tu. Hakuwacheka. Zamu ya juma hili ni ya yule dada wa swali la viwanda, na ndugu wa unabii, tumeona, ameandika jina lake kwa juma lijalo.